Walikuwa Wapi Siku Zote? Kuelewa Kazi za Waigizaji wa Kike wa Uingereza

Maggie Smith alipofariki dunia tarehe 27 Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 89, rambirambi nyingi zilizosambaa mitandaoni zilimkumbuka kwa nafasi mbili tu: ya mwalimu Minerva McGonagall katika filamu za Harry Potter, na ya bibi wa kikabaila mwenye maneno makali katika tamthilia ya Downton Abbey. Msomaji asiyejua mengine angeweza kudhani kwamba huyu alikuwa mwanamke aliyebahatika uzeeni, aliyeanza kuigiza baada ya kulea watoto na wajukuu. Filamu ya kwanza ya Harry Potter ilipotoka mwaka 2001, Maggie Smith alikuwa ameshafanya kazi hiyo kwa karibu miaka 50, na tayari alikuwa na tuzo mbili za Oscar, moja aliyokabidhiwa mwaka 1970 na nyingine mwaka 1979.

Mkanganyiko huo haumhusu yeye peke yake. Mtazamaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura humwona Judi Dench, Helen Mirren au Brenda Blethyn kwa mara ya kwanza akiwa tayari na mvi, kisha maswali yanafuatana. Walikuwa wapi siku zote? Kwa nini mshindi wa Oscar anarudi kucheza tamthilia ya polisi yenye sehemu 6 tu, je, ameishiwa? Huyo anayeitwa Dame ni wa ukoo wa kifalme? Ni kweli kwamba kazi hiyo ni ya watoto wa matajiri? Majibu yapo, na mengi yanatokana na jambo moja ambalo sisi tunaotazama kutoka mbali hatulioni: filamu, ambayo ndiyo hutufikia, ni sehemu ndogo ya kazi ya wanawake hawa.

Tuanze kwa kuelewana juu ya maneno. Ninaposema mwigizaji wa Uingereza nakusudia mtu aliyelelewa katika Ufalme wa Muungano, yaani England, Scotland, Wales au Ireland ya Kaskazini, na aliyejengea kazi yake huko, hata kama baadaye alihamia Marekani. Lafudhi anayoongea kwenye filamu si kipimo. Cate Blanchett, aliyemwigiza Malkia Elizabeth wa Kwanza, ni wa Australia. Saoirse Ronan ni wa Jamhuri ya Ireland, ambayo ni nchi nyingine kabisa. Vivien Leigh, ambaye dunia inamkumbuka kama binti wa kusini mwa Marekani katika filamu maarufu ya mwaka 1939, alikuwa Mwingereza aliyezaliwa Darjeeling, India, na Sheila Atim, mmoja wa wapiganaji wa filamu ya The Woman King, alizaliwa Uganda akakulia Rainham, Essex. Jukwaa, katika makala haya, ni mchezo unaochezwa ukumbini mbele ya watazamaji. Tamthilia ni ile ya televisheni inayokwenda kwa sehemu na misimu. Filamu ni ile inayotengenezwa kwa ajili ya sinema.

Namna nyepesi ya kuzielewa njia hizo tatu ni kumfikiria mkulima wa Pemba mwenye vishamba vitatu. Cha muhogo hakimtajirishi, lakini humlisha mwaka mzima. Cha mpunga humpa fedha za msimu mvua zikinyesha vizuri. Cha karafuu kinaweza kumjengea nyumba kwa mavuno ya mwaka mmoja, kisha kikakaa miaka kadhaa bila kuzaa cha maana. Jukwaa ni muhogo, tamthilia ni mpunga, na filamu ni karafuu. Mpita njia anayeona majamvi yamejaa karafuu barabarani hudhani kwamba mkulima huyo amepata leo, kwa sababu hakuwepo miaka yote aliyokuwa akipalilia muhogo.

Jambo linalowezesha maisha hayo Uingereza ni udogo wa nchi. Nchini Marekani jukwaa kubwa liko New York na filamu ziko Los Angeles, na kati ya miji hiyo kuna karibu kilomita 4,000. London ina ukumbi wa National Theatre, mashirika ya televisheni ya BBC na ITV, na studio kubwa za Pinewood, Elstree na Leavesden ziko pembezoni mwake tu, kiasi kwamba si ajabu mwigizaji kurekodi filamu mchana na kupanda jukwaani jioni ya siku hiyohiyo. Mawakala, waongozaji na wachaguzi wa waigizaji ni walewale katika njia zote tatu. Anayefanya vizuri kwenye ukumbi wenye viti 200 huenda siku hiyo ameonwa na mtu anayetafuta mhusika wa tamthilia ya mwaka ujao.

Mafunzo ya jukwaani

Vyuo vikongwe vya uigizaji mjini London, RADA kilichoanzishwa mwaka 1904 na Central kilichofuata mwaka 1906, vilijengwa kwa ajili ya jukwaa kabla sinema haijaanza hata kutoa sauti. Mpaka leo mwanafunzi hutumia kwa kawaida miaka 3 kujifunza pumzi, sauti, mwendo, lafudhi, mapigano ya kuigiza na jinsi ya kutamka mashairi ya Shakespeare yasikike kama mazungumzo ya mtu anayefikiri. Zamani aliyehitimu alikwenda kwenye kampuni za mikoani, Liverpool, Birmingham au Bristol, ambako baadhi ya kampuni zilibadilisha mchezo kila wiki: jioni unacheza mchezo wa wiki hii, mchana unafanya mazoezi ya mchezo wa wiki ijayo, na usiku unakariri. Kampuni za namna hiyo zimekwisha, lakini ndizo zilizozaa kizazi cha wanawake wanaoweza kufika mbele ya kamera wakiwa na maneno yote kichwani na kumaliza kazi kwa muda mfupi.

Peggy Ashcroft ndiye mfano ninaoupenda kuliko yote. Alianza jukwaani mwaka 1926, na ingawa alionekana kwenye filamu chache, nchini mwake alijulikana kwa miongo mingi kama mwanamke wa jukwaa. Mwaka 1984 alitokea kwenye tamthilia kubwa kuhusu siku za mwisho za utawala wa Waingereza nchini India, na mwaka huohuo akatokea kwenye filamu ya A Passage to India. Machi 1985 alipewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi akiwa na umri wa miaka 77. Kwa watu wa sinema wa Marekani ilikuwa kana kwamba amegunduliwa, wakati alikuwa na karibu miaka 60 kazini.

Judi Dench alipita njia hiyohiyo. Alianza na nafasi ya Ophelia mwaka 1957 katika kampuni ya Old Vic, na kwa miongo kadhaa akawa malkia wa jukwaa na mtu wa kuchekesha kwenye televisheni ya nyumbani, huku sinema ikimwona kama mwenye sura isiyofaa kamera. Filamu ya James Bond ya mwaka 1995, alipokuwa mkuu wa majasusi anayeitwa M, ndiyo iliyompeleka kwenye kumbi za dunia nzima, akiwa na miaka 60. Miaka miwili baadaye alimwigiza Malkia Victoria katika kazi ambayo BBC ilikuwa imekusudia ionyeshwe kwenye televisheni, ikanunuliwa na kampuni ya Marekani na kupelekwa sinema, ikamwingiza kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya wanaowania Oscar. Hapo tunaona jinsi mpaka kati ya tamthilia na filamu ulivyo mwembamba nchini humo.

Oscar yenyewe aliipata mwaka 1999 kwa kuonekana takriban dakika 8 katika Shakespeare in Love, na wako wanaosema mpaka leo kwamba ilikuwa tuzo ya huruma. Mimi sikubaliani nao. Atazamaye sehemu yake ya mwisho ataona Malkia Elizabeth akitoka ukumbini kuelekea kwenye gari lake. Njiani kuna dimbwi la maji machafu, naye anasimama kidogo kuwapa wanaume wa baraza lake nafasi ya kutandaza makoti yao. Wanasitasita. Anawaambia wamechelewa, na anakanyaga dimbwi katikati na gauni lake zito bila kuangalia nyuma. Katika hatua zile chache tunajua yote kuhusu mwanamke anayetawala wanaume wasiomfikia kwa akili wala kwa ujasiri. Ni ujuzi wa jukwaani uliobanwa ukaingia ndani ya sekunde chache za kamera, na tuzo ya msaidizi hutolewa kwa uzito wa nafasi katika hadithi, haitolewi kwa wingi wa dakika.

Tamthilia fupi, na kwa nini kurudi kwenye televisheni si kushuka

Nchini Uingereza televisheni haikuwahi kuwa jalala la walioshindwa sinema. BBC huendeshwa hasa kwa ada ya leseni inayolipwa na kaya, ITV ilianza mwaka 1955 kwa fedha za matangazo, na Channel 4 ikafuata mwaka 1982 ikiwa na jukumu la kujaribu mambo mapya. Zote tatu zimeweka fedha nyingi katika tamthilia zinazoandikwa na waandishi wakubwa wa jukwaani. Tamthilia hizo ni fupi. Msimu mmoja huweza kuwa na sehemu 6, na mwandishi akiona hadithi imekwisha huiacha. Mtazamaji aliyezoea tamthilia za Marekani au za Uturuki zenye sehemu nyingi hudhani kazi hiyo imefutwa kwa kukosa watazamaji, lakini ufupi huo ndio unaomruhusu mwigizaji kumaliza kurekodi ndani ya miezi michache na kurudi jukwaani.

Happy Valley ina sehemu 18 tu, zilizotoka katika misimu mitatu ya miaka 2014, 2016 na 2023, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi bora za uigizaji zilizofanywa popote katika karne hii. Sarah Lancashire, anayemwigiza polisi Catherine Cawood anayelea mjukuu wake baada ya binti yake kujiua, alianzia Coronation Street, tamthilia ya mtaa wa watu wa kawaida inayorushwa tangu mwaka 1960, ambako kati ya 1991 na 1996 alikuwa mhudumu wa baa aliyependwa sana na watazamaji. Nchi nyingine mwigizaji wa tamthilia za kila siku hufungiwa humo. Uingereza tamthilia hizo zimekuwa darasa, kwa sababu mtu hujifunza kukariri kurasa nyingi kwa muda mfupi na kulia kwa dhati asubuhi ya Jumatatu bila kungoja msukumo. Suranne Jones alipita mlango huohuo kabla ya kupata tuzo ya BAFTA, ambayo hutolewa na chuo cha filamu na televisheni cha nchi hiyo, kwa tamthilia ya Doctor Foster.

Helen Mirren anatuonyesha upande mwingine. Aprili 1991, akiwa na miaka 45, umri ambao sinema ilikuwa imeanza kuwapa wanawake nafasi za kuwa mama wa mtu fulani, ITV ilimpa nafasi ya Jane Tennison, mpelelezi mkuu anayepewa kesi ya mauaji baada ya mwenzake wa kiume kufa ghafla. Kikosi chote ni cha wanaume na hawamtaki. Mmoja anapomwita kwa jina la heshima wanaloitwa wakubwa wa kike, anamkatiza na kumwambia amwite bosi, kwani yeye si malkia. Anasema bila kupaza sauti, macho yamekazwa, na mkono hautikisiki. Aliendelea na nafasi hiyo kwa vipindi mbalimbali mpaka mwaka 2006, na mwaka huohuo ikatoka filamu ya The Queen, iliyompa Oscar kwa kumwigiza Malkia Elizabeth wa Pili. Baadaye akamwigiza malkia yuleyule jukwaani, London na New York. Ni mhusika mmoja wa kihistoria aliyechezwa katika njia mbili na mtu mmoja, na wala hakuna aliyeona ajabu.

Brenda Blethyn, aliyewahi kuwa karani wa shirika la reli, alianza kucheza mpelelezi Vera mwaka 2011 akiwa na miaka 65 na kumaliza mwaka 2025. Glenda Jackson alipata Oscar mbili, akaacha kuigiza mwaka 1992 alipochaguliwa kuwa mbunge, akakaa bungeni miaka 23, kisha mwaka 2016, akiwa na miaka 80, akapanda jukwaani kuigiza Mfalme Lear, nafasi inayowatoa jasho hata wanaume wa miaka 60. Maggie Smith mwenyewe, mwaka 2019, akiwa na miaka 84, alikaa peke yake jukwaani jijini London akiigiza mwanamke aliyewahi kuwa katibu wa Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler. Watazamaji wa Downton Abbey waliodhani amestaafu hawakujua kwamba usiku huo yuko kazini.

Je, Hollywood ndiyo kilele?

Wengi wetu hupima mafanikio ya mwigizaji kwa kuuliza kama amefika Hollywood. Kwa mwigizaji wa Uingereza swali hilo lina utata, kwa sababu filamu nyingi tunazoziita za Hollywood hurekodiwa nchini kwao. Harry Potter ilirekodiwa Leavesden, na filamu nyingi za James Bond zilirekodiwa Pinewood. Tangu mwaka 2007 serikali ya Uingereza imekuwa ikitoa unafuu wa kodi kwa filamu zinazotengenezwa humo, na mwaka 2013 ikauongeza kwa tamthilia za gharama kubwa, hivyo kampuni za Marekani zikapeleka kazi na fedha zao huko. Mwigizaji anaweza kuwa katika filamu ya mamilioni ya dola na bado akalala nyumbani kwake.

Filamu za Uingereza pia zimewaleta waigizaji hawa kwetu. Rachel Weisz alipata Oscar yake mwaka 2006 kwa The Constant Gardener, iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya, Kibera na Loiyangalani zikiwemo. Katika tukio moja mhusika wake yupo wodini katika hospitali ya umma, amempoteza mtoto wake, na ananyonyesha mtoto mchanga wa mama Mkenya anayekufa kitandani kando yake. Weisz haongezi chozi hata moja pasipohitajika. Waliotengeneza filamu hiyo walianzisha baadaye mfuko wa kusaidia elimu katika maeneo hayo. Sophie Okonedo naye, aliyekulia kwenye nyumba za halmashauri huko Wembley, aliwania Oscar kwa kuigiza mke wa meneja wa hoteli katika filamu kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, ingawa sehemu kubwa ya filamu hiyo ilirekodiwa Afrika Kusini.

Fedha

Hapa dhana potofu ni nyingi. Jina kubwa halimaanishi utajiri, na mwigizaji wa kawaida wa Uingereza hutumia sehemu kubwa ya mwaka akitafuta kazi kuliko akiifanya. Jukwaani ratiba ya kawaida ni maonyesho 8 kwa wiki, kwa malipo ambayo chama cha waigizaji, Equity, kilichoundwa mwaka 1930, huyawekea kiwango cha chini. Wakala huchukua kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 15. Wengi hujazia kwa kusoma vitabu vya sauti, matangazo na michezo ya kompyuta, kazi ambazo hatuwaoni wakizifanya. Olivia Colman amesimulia hadharani, hata siku aliyopokea Oscar mwaka 2019, kwamba aliwahi kufanya usafi wa nyumba za watu. Jina lake la kuzaliwa ni Sarah, lakini wakati huo Equity haikuruhusu wanachama wawili kutumia jina moja la kazi, na tayari kulikuwa na Sarah Colman mwingine. Ndiyo sababu dunia inamjua kwa jina la Olivia.

Ukubwa wa nafasi nao hauamui malipo. Mwaka 2018 watayarishaji wa tamthilia ya The Crown walikiri kwamba Claire Foy, aliyeigiza malkia, yaani mhusika mkuu wa hadithi yote, alilipwa chini ya Matt Smith aliyeigiza mumewe, kwa sababu Smith alikuja akiwa tayari na jina kutokana na tamthilia nyingine. Walisema jambo hilo halitarudiwa. Mtu anayependa kazi za wanawake hawa hawezi kuisoma habari hiyo bila kukasirika.

Nani anapata mlango

Dhana kwamba uigizaji wa Uingereza ni mali ya watoto wa matajiri ina ukweli ndani yake, lakini haikuwa hivyo siku zote. Glenda Jackson alikuwa binti wa mwashi wa Birkenhead, na aliuza dukani kabla ya kupata ufadhili wa kusoma RADA. Julie Walters alianza mafunzo ya uuguzi kabla ya kwenda kusomea uigizaji Manchester, kisha akang'ara katika Educating Rita, akicheza msusi anayetaka elimu, jukwaani mwaka 1980 na kwenye filamu mwaka 1983. Kizazi chao kilikuta halmashauri za mitaa zikiweza kumlipia kijana ada na hela ya kula. Ruzuku hizo zilikauka katika miaka ya 1990, na leo ada ya chuo ni zaidi ya pauni 9,000 kwa mwaka, juu yake kodi ya chumba cha London. Tofauti kubwa zaidi hujitokeza baada ya kuhitimu: usaili unaweza kuitwa leo kwa ajili ya kesho, na anayeweza kukaa mjini miezi 6 bila kazi ni yule ambaye wazazi wake wanamlipia nyumba. Mwenye kipaji zaidi huenda wakati huo yuko zamu ya mchana mgahawani.

Kuna njia za pembeni, nazo zinastahili kujulikana. Jodie Comer wa Liverpool hakusoma chuo chochote cha uigizaji. Alijifunza kazini kwenye tamthilia mpaka akapata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, mwaka 2019, na ndipo akaenda jukwaani, kinyume cha mkondo wa wakubwa zake, na kubeba mchezo mzima peke yake. Samantha Morton, aliyelelewa na ustawi wa jamii, alianzia kwenye warsha ya bure ya vijana jijini Nottingham.

Kwa wanawake weusi mlango umekuwa mwembamba zaidi, na kwa muda mrefu kisingizio kilikuwa zile tamthilia za zama za kale ambazo watayarishaji waliamini hazina nafasi kwao. Marianne Jean-Baptiste mwaka 1997 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Uingereza kuwania Oscar ya uigizaji. Mwaka huohuo waigizaji vijana wa nchi yake walipelekwa kwenye tamasha la Cannes kuiwakilisha sinema ya Uingereza, naye akaachwa. Alilalamika hadharani, kisha akahamia Marekani, ambako alicheza ofisa wa FBI kwenye tamthilia kwa miaka 7. Kwa hiyo kuhama kwake kulitokana na nchi kushindwa kumpa kazi, na wanaomsema kuwa alikimbilia fedha wanamkosea. Mwaka 2024 mwongozaji aliyempa nafasi ile iliyomfikisha kwenye Oscar, Mike Leigh, alimrudisha katika filamu ya Hard Truths, na aliyeitazama anajua miaka hiyo yote ilipoteza nini. Sheila Atim, niliyemtaja mwanzo, alisomea sayansi ya tiba chuo kikuu kabla ya kuingia jukwaani, na sasa ana tuzo mbili za Olivier, ambazo ndizo kubwa za jukwaa la London.

Cheo cha Dame

Dame ni heshima ya taifa, haihusiani na damu ya kifalme, wala haimpi mtu fedha, ardhi au kiti bungeni. Ni sawa na cheo cha Sir wanachopewa wanaume, na kwa waigizaji hutoka kwenye nishani zilizoanzishwa mwaka 1917. Ellen Terry, mwigizaji mkubwa wa zama za Victoria, alipewa mwaka 1925. Judi Dench mwaka 1988, Maggie Smith mwaka 1990. Mtu anaweza kukataa: Mirren alikataa nishani ya chini yake mwaka 1996 kabla ya kukubali Dame mwaka 2003, na Vanessa Redgrave alikataa mwaka 1999. Raia wa kigeni hupewa ya heshima tu na hawaitwi hivyo, kwa hiyo Angelina Jolie si Dame Angelina.

Wanaoandika nafasi zao wenyewe

Katika miaka ya karibuni njia mpya imefunguka, na inaanzia palepale jukwaani. Phoebe Waller-Bridge aliandika mchezo wa mtu mmoja, Fleabag, akauigiza Edinburgh mwaka 2013, na BBC ikaugeuza kuwa tamthilia ya sehemu 12 iliyompa tuzo za Emmy za kuandika na kuigiza. Michaela Coel, binti wa wazazi kutoka Ghana aliyekulia mashariki mwa London, alianza kwa mchezo aliouandika kama kazi yake ya kuhitimu chuo cha Guildhall. Ukawa tamthilia ya Channel 4 mwaka 2015. Alipoandika I May Destroy You, kuhusu mwanamke anayejaribu kukumbuka usiku aliobakwa, Netflix ilimwahidi dola milioni 1. Aliomba abaki na sehemu ya haki za kazi yake, hata asilimia ndogo kabisa, akakataliwa, naye akazikataa fedha hizo. Aliipeleka BBC, ambako alipewa haki na usemi katika kila hatua ya utayarishaji. Ilirushwa mwaka 2020, na mwaka uliofuata Coel akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Emmy ya uandishi katika kundi la tamthilia fupi. Alikuwa pia mhusika mkuu, mtayarishaji, na mmoja wa waongozaji wake.